Kwa nini Sargent alikaa na picha ya Madame X zaidi ya miaka 30? Mimi nasema yalikuwa mapenzi

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, salaam. Kuna picha imenikaa kichwani naomba tuijadili. John Singer Sargent, Mmarekani aliyezaliwa Florence mwaka 1856, alikuwa na miaka 28 tu alipopeleka kwenye Salon ya Paris ya 1884, yale maonyesho makubwa ya sanaa, picha ambayo leo inaitwa Madame X, ya mwanamke aliyekuwa gumzo la mji, Virginie Gautreau. Gauni jeusi, ngozi nyeupe mpaka inatisha, uso kaugeuzia pembeni hamtazami mtu, na kamba moja ya gauni imeteleza kutoka begani. Watu wa tabaka la juu wakachachamaa, mama mzazi wa huyo dada akaenda studio analia anataka picha iondolewe na Sargent akakataa. Baadaye akaichora upya ile kamba ikakaa begani kama tunavyoiona leo, akahamia London na picha akaenda nayo. Hakuiuza mpaka 1916 pale jumba la makumbusho la Metropolitan la New York walipoichukua kwa pauni 1,000, na kwenye barua akawaambia anadhani ndicho kitu bora alichowahi kufanya maishani.

Sasa hoja yangu ni hii, mwanaume hakai na picha ya mwanamke mmoja miaka yote hiyo, ameipita kila asubuhi akienda kushika brashi, kama hakuna kitu moyoni. Na hakuoa mpaka anakufa 1925. Mimi nasema alimpenda, na alijua hatampata. Mnaonaje?

Jabali
Nimewahi siti ya mbele. Uzi mtamu huu.

Fundi_Fremu
Mkuu hapo umekimbilia mapenzi haraka mno. Picha haikuuzwa kwa sababu haikuwa na mnunuzi, basi. Haikuwa ya oda. Kwa kawaida mume ndiye angelipa, Pierre Gautreau alikuwa tajiri, lakini hii Sargent mwenyewe ndiye aliyemfuata Virginie kupitia marafiki akiomba amchore, kwa maana nyingine hapakuwa na malipo yanayosubiriwa. Baada ya kelele zile nani wa familia angeitundika sebuleni? Na ni kubwa, urefu unapita mita 2, sio kitu cha kuweka juu ya kabati. Mimi kazi yangu ni fremu na turubai na nimeona picha nyingi zikikaa miaka kwa mchoraji sababu ni hiyo tu, hazina pa kwenda.

Nyota_ya_Asubuhi
Ila @Fundi_Fremu picha isiyo na mnunuzi huwa inageuzwa uso ukutani, au inachorwa juu yake kingine. Yeye aliitundika studioni. Kule Paris boulevard Berthier ilikuwepo na London ikakaa vilevile wageni wanaiona. Hapo hujajibu.

Fundi_Fremu
Nimejibu dada, ila ngoja niongeze, ile ilikuwa tangazo. Mteja anaingia, anakutana na kitu kile, anajua yuko kwa mtu hatari. Tajiri wa London anayetaka mke wake achorwe anataka apate kidogo cha ule moto, sio wote.

Mwanahistoria_Mkali
Kalamu asante kwa mada ila tuweke sawa kidogo kabla watu hawajajenga ghorofa. Kwanza hakukimbia usiku ule ule. Salon ilikuwa 1884, Uingereza alikuwa anaenda na kurudi kwa kazi, makazi ya kudumu London ni 1886. Kilichomtoa Paris ni oda kukauka, sio machozi. Pili, jina la mwanamke halikuandikwa, kwenye katalogi ilikuwa Bi fulani na nyota tatu, ila kila mtu alimtambua maana uso wake na ile pua mji mzima uliijua. Tatu, muhimu zaidi, wote wawili walikuwa wageni. Virginie alizaliwa New Orleans 1859, baba yake akafa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pale Shiloh 1862, mama akampeleka Paris akiwa mtoto. Sargent naye Mmarekani wa kuzaliwa Ulaya. Wageni wawili wanapanda ngazi ya jamii ya Wafaransa wakiwa wamebebana, na ngazi ikawaangusha wote. Mimi naona ile picha kama mkataba wa watu wawili wenye tamaa ya kufika, sio ya kimahaba.

Mama_Nuru
Huyu Mwanahistoria kanigusa. Umesema tamaa ya kufika, nakubali, lakini kwani mapenzi na tamaa ya kufika vinakaa nyumba tofauti? Katika jamii ile ya maonyesho, mwanamke kazi yake ni kuonekana. Alikuwa anapaka poda mwili mzima mpaka ngozi inakuwa rangi ya zambarau iliyopauka, na Sargent alimwandikia rafiki yake wa utotoni Vernon Lee akieleza kwa undani rangi hiyo ya ngozi. Mwanaume anayeelezea ngozi ya mke wa mtu kwa barua namna ile, jamani, mimi ni mtu mzima najua ninachosoma.

Kalamu_Nyeusi
Mama Nuru shikamoo, na asante, hapo ndipo nilipokuwa naenda.

Mchoraji_Mtulivu
Marahaba nitamwachia Mama Nuru, mimi naomba niseme kama mtu wa brashi. Barua hizo hizo mnazozitaja, kuna ile ya kutoka Brittany, Ufaransa, kipindi cha kiangazi 1883 alipokuwa amewafuata nyumbani kwao Paramé, analalamika kwamba anapambana na uzuri usiochoreka na uvivu usio na tumaini wa Madame Gautreau. Soma vizuri. Huyo sio mtu anayelia kwa mapenzi, ni mtu ambaye modeli wake hatulii. Alimchora kwa penseli, kwa rangi za maji, amejilaza kwenye kochi, amepiga magoti, ameshika glasi anawatakia watu heri, amekaa anasoma, kila pozi, mpaka akapata lile la kusimama mkono umeshika meza, na ule mkono ukitazama umejipinda kwa namna inayouma, ukijaribu mwenyewe kusimama vile dakika chache bega linakufa.

Mimi nina picha moja ya jirani yetu wa zamani, mzee aliyekuwa anakaa kimya dirishani. Watu wameitaka, mmoja alikuja na hela mkononi, sikuiuza. Yule mzee sikumpenda wala hakunipenda, tulikuwa hatusalimiani vizuri. Lakini pale kwenye shavu lake kuna kitu nilikifanya ambacho sijawahi kukifanya tena. Kila nikianza kazi mpya natazama lile shavu nijue bado naweza. Ndiyo maana nasema Sargent alibaki na kipimo chake. Alichokitamani ni yule Sargent wa miaka 28 ambaye hakuogopa.

Jabali
Aisee hii comenti ya Mchoraji ifungiwe juu.

Nyota_ya_Asubuhi
Nimeipenda sana hoja ya Mchoraji na inaniuma kidogo. Maana ukiangalia kazi zake za baadaye, London alipofanikiwa, wanawake wa hariri na lulu, ni nzuri kweli, ila wote wanakutazama wanataka uwapende. Madame X hakutaki. Sargent alipochoka kuchora matajiri, karibu na 1907, akaanza kuzikataa oda za picha za watu akawa anachora milima na maji na mifereji ya Venice. Labda alichoka kupendwa na watu ambao hakuwatamani.

mtazamaji77
Mbona hamumtaji daktari? Samuel Pozzi. Sargent alimchora 1881 na joho jekundu lile la nyumbani, picha iko Los Angeles sasa hivi pale makumbusho ya Hammer. Uvumi wa Paris wote ulikuwa kwamba Pozzi ndiye alikuwa na Madame Gautreau. Na ile picha ndogo aliyoitaja Mchoraji, ya glasi ya kutakia heri, ilikuwa ya nani? Ya Pozzi. Ilikuja kununuliwa na Isabella Stewart Gardner, mkusanyaji wa sanaa wa Marekani, baada ya Pozzi kuuawa na mgonjwa wake 1918, sasa iko Boston. Kwahiyo kwenye hii stori mapenzi yapo, ila Sargent hakuwemo, alikuwa anaona tu kwa pembeni. Alichora mwanaume na mwanamke wa uvumi mmoja, mmoja kwa wekundu mtupu, mwingine kwa weusi, urefu karibu sawa. Ukiziweka pamoja utashangaa.

Mwanahistoria_Mkali
@mtazamaji77 uvumi ulikuwepo kweli, ila ni uvumi. Kumiliki picha ya mtu sio ushahidi wa kitanda. Pozzi alikuwa mkusanyaji wa sanaa na rafiki wa nusu ya Paris.

mtazamaji77
Sijasema ushahidi mkuu, nimesema tuangalie wote waliokuwepo mezani. Kalamu anaongea kama walikuwa wawili tu duniani.

Kalamu_Nyeusi
Sawa Pozzi awepo. Lakini hiyo inaongeza nguvu hoja yangu, maana kupenda huku ukimwona na mwingine ndiyo kutamani kwenyewe. Na hamjanijibu hili, mbona ameuza mara tu mwanamke alipofariki? Virginie alikufa Julai 1915, miezi michache mbele, mapema 1916, picha inauzwa. Mtu alikuwa anasubiri. Alikuwa anamtunza.

Bi_Zuhura
Kalamu mwanangu pole pole. Mwaka 1915 ile picha tayari ilikuwa Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, yalifunguliwa Februari na mama wa watu bado yu hai. Vita vya dunia vinaendelea, meli zinazamishwa Atlantiki, nani angeirudisha London? Picha ilikuwa ishavuka bahari, Metropolitan wapo kule kule, bei ikaelewana. Tena kwenye barua hiyo hiyo aliyosema ni kitu bora alichofanya, aliomba jina la yule mama lisitumike kwa sababu ya ugomvi waliokuwa nao zamani. Ndiyo maana leo inaitwa Madame X. Neno lake ni ugomvi. Anayempenda marehemu anaanza na ugomvi?

Mama_Nuru
Bi Zuhura, wapendanao ndio wagombanao.

Bi_Zuhura
Hahaha Mama Nuru umenipiga na methali yetu wenyewe. Ila nitasimama palepale, mimi naliona lile ombi kama stara. Mtu amekufa, ana jamaa zake, usimrudishe tena kwenye midomo ya watu. Hiyo ni heshima, na heshima nyingine hazina mahaba ndani yake.

Tumaini_la_Jioni
Mimi naingia na upande ambao huenda watu hawaupendi. Kuna wataalamu wameshaandika kwamba ule uso wa pembeni unafanana mno na michoro ya kijana Albert de Belleroche, mchoraji mwenzake ambaye Sargent alimchora mara nyingi kipindi hicho hicho. Kwahiyo wapo wanaosema kutamani kupo kwenye ile picha, ila hakukuwa kwa mwanamke. Kwa mtu aliyeishi enzi zile katika jamii ile, ambaye hakuoa na maisha yake ya ndani aliyafunga kabisa, sioni kama ni jambo la kutupa pembeni.

Fundi_Fremu
Hiyo ya kufanana nimeiona ikizungumzwa, lakini mchoraji akishaupenda mstari fulani wa shingo na kidevu ataupeleka kila mahali. Ni mkono wake.

Tumaini_la_Jioni
Na mkono unaongozwa na nini kaka? Ndicho ninachouliza.

Mchoraji_Mtulivu
Hapo Tumaini kanipata. Mstari unaoupenda haujitokezi wenyewe. Siwezi kusema ni Belleroche, siwezi kusema sio.

Nyota_ya_Asubuhi
Naomba tumwangalie na yeye mwanamke jamani, tumeongea mno habari za Sargent. Naona kila anayesimulia anasema aliaibika akajifungia ndani akafa na huzuni. Mbona mwaka 1891 Gustave Courtois alimchora tena, uso pembeni vilevile, gauni jeupe, na KAMBA IMETELEZA BEGANI, na hakuna aliyepiga kelele? Iko kwenye makumbusho ya Orsay pale Paris. Halafu 1898 Antonio de La Gándara akamchora amesimama, mgongo umegeukia watu. Mtu aliyevunjika anakubali kuchorwa namna hiyo mara tatu?

Mwanahistoria_Mkali
Swali zuri sana hili na majibu yapo mengi. Miaka saba kwa fasheni za Paris ni mingi, macho yalishazoea. Gauni jeupe linasamehe zaidi ya jeusi. Courtois alikuwa Mfaransa. Na ukiangalia kiufundi, Courtois kamchora mwanamke mrembo, akaishia hapo. Sargent kachora mwanamke anayejua kwamba anaangaliwa na hajali, na ameacha sikio jekundu kwenye ngozi ya poda, ikaonekana ni poda. Alifunua kazi ya urembo, mjini ambako kila mmoja alikuwa anajifanya kazaliwa vile. Nafikiri hiyo ndiyo iliyowauma kuliko kamba.

Mama_Nuru
Sikio! Nimeenda kuitazama tena picha. Kweli ni jekundu, mwili mzima umekufa rangi, sikio linaishi. Na mkono wa kushoto pete ya ndoa inaonekana kabisa. Kamba chini, pete juu, vyote kwenye picha moja. Watu wa 1884 walikuwa na haki ya kushtuka jamani.

Bi_Zuhura
Zamani nilipokuwa msichana nilishonewa gauni la harusi ya ndugu na fundi mmoja mwenye mkono wa ajabu, likakaa mwilini vizuri mno, nikaingia ukumbini na wanawake wakaanza kuninong'ona kabla sijakaa. Sikuwa nimefanya lolote. Gauni lile nililipenda na nikalichukia, na fundi nilimkasirikia kwa sababu ya watu wengine. Kwahiyo huyu Virginie namwelewa. Kabla ya Salon yeye mwenyewe alishamwandikia rafiki yao kwamba Sargent amefanya kazi kubwa ya hali ya juu. Aliipenda! Dunia ndiyo iliyomfundisha kuichukia, jioni moja.

Nyota_ya_Asubuhi
Na hata kuichukia sidhani kama kulidumu Bi Zuhura. Miaka mingi baadaye alimwandikia Sargent kwamba mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm, ameipenda picha ile kupita kiasi, akimwomba aipeleke Berlin ionyeshwe. Yaani mwanamke yule yule ambaye mama yake alilia iondolewe sasa anaiombea ionekane. Sargent ndiye aliyekuwa mgumu.

Kalamu_Nyeusi
Hii ya Kaiser mimi inanipa nguvu tena. Mwanamke anaiomba itoke, yeye hataki kuitoa. Hiyo ni biashara gani @Fundi_Fremu? Tangazo unalikatalia mfalme?

Fundi_Fremu
Kinyongo kaka. Mlipoikataa ilikuwa chafu, leo mfalme kaisifia ndo mnaitaka. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Na usisahau mwaka 1905 alishaionyesha London mwenyewe, kwahiyo hakuwa anaificha. Alichagua nani aione na lini. Jamii ya Paris ilimnyima uamuzi huo mara moja, hakuwapa nafasi ya pili.

mtazamaji77
Kinyongo cha miaka 30 ni mapenzi yaliyogeuka.

Fundi_Fremu
Nyie watu wa mapenzi mnakula kila kitu, mtu akiuza mapenzi, asipouza mapenzi, akikasirika mapenzi!

Jabali
Fundi leo wamekuzunguka 😄 mimi niko upande wako lakini. Halafu kuhusu bei, pauni 1,000 si ndogo kwa picha anayosema ni bora kuliko zote?

Mwanahistoria_Mkali
Ni karibu sawa na alichokuwa anatoza kwa oda moja kubwa ya mtu mzima amesimama alipokuwa kileleni. Kwahiyo kwa hesabu ya pesa hakujitajirisha nayo. Alichotaka ni ikae mahali pa heshima, jumba la makumbusho la nchi ambayo wote wawili wana asili yake. Na mwaka 2025 ilirudi Paris kwa maonyesho pale Orsay, mji ule ule, na safari hii watu walipanga foleni.

Mama_Nuru
Natamani mama yake angeiona foleni hiyo.

Tumaini_la_Jioni
Kabla uzi haujazama, kuna kitu kimoja hakijaguswa. Ipo Madame X ya pili. Iko kwenye makumbusho ya Tate, London, haijamalizika, ukubwa unaokaribiana na ya kwanza, pozi lile lile, na kamba ya bega la kulia haipo kabisa, sehemu hiyo aliiacha tu. Mtu anaanzaje kuichora upya picha nzima ya mita mbili?

Kalamu_Nyeusi
Hii kwangu ndiyo ya mwisho kunishawishi. Alitaka moja iende kwa watu, moja abaki nayo.

Mchoraji_Mtulivu
Hapana ndugu yangu, nadhani sababu iko kwenye turubai. Ile ya kwanza aliirekebisha mno, hata mandhari ya nyuma alibadili, rangi ikarundikana juu ya rangi, uso wa picha ukachoka. Mtu akifika hapo na Salon inakaribia anaanza upya kwenye turubai safi, akitumaini sasa anajua njia. Kisha muda unamwishia anapeleka ile iliyochoka. Nimeshafanya hivyo na rangi za mafuta, unaziona zikikauka taratibu na tarehe haikusubiri.

Bi_Zuhura
Na kwa nini kamba hakuichora? Kitu kidogo vile, mpigo mmoja wa brashi.

Mchoraji_Mtulivu
Kwa sababu alikuwa hajaamua iwe juu au chini.

Nyota_ya_Asubuhi
Lakini nakala hiyo hakuitupa @Mchoraji_Mtulivu. Kama ilikuwa mbio za Salon tu, Salon ilipopita angeichora juu yake kitu kingine, turubai kubwa vile ni hela. Akazitunza zote mbili, iliyorekebishwa na ambayo haijaamuliwa.

Fundi_Fremu
Turubai ya namna ile ikishapigwa rangi nzito hivyo kuitumia tena ni shida, inapasuka. Kesho nikitulia nitaeleza wanavyoziandaa maana naona hapa tutakesha.